Tajiri Wangu na Gari la Mmarekani

Mimi niliacha shule darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu wengi waliomaliza shule nimekuja kuwaandika kazi. Birmingham niliingia na sanduku la mbao na koti la kuazima. Nilianzia kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, mahali ambapo mate yalichemka kabla hayajafika chini. Nikatoka hapo nikaendesha teksi ya mtu, kisha nikanunua yangu. Na kabla ya miaka ya sitini kwisha, nilikuwa na gari ambalo likipita Stratford Road mwenye bucha alitoka nje na kisu mkononi kulitazama.

Lilikuwa la Kimarekani. Jina la kampuni sitalitaja. Wao wana mawakili, mimi nina kalamu. Mtaani kwetu Sparkhill tuliliita Mmarekani, basi, kila mtu akajua. Lilikuwa jeupe, refu, lina mapezi mawili nyuma kama papa, na usukani wake upo kushoto. Nililinunua kwa askari wa anga wa Kimarekani aliyekuwa akirudi kwao, na mkewe hataki hata kusikia habari ya kulipakia melini. Nyumba zetu zile za kushikana zina upana wa mlango na dirisha moja. Mmarekani akilala nje, kichwa kiko kwangu na mkia uko kwa jirani, mama mmoja wa Kiairishi, ambaye kila asubuhi aliniuliza kama leo meli inaondoka.

Kazi yake ilikuwa harusi. Masingasinga, Wahindu, Waislamu, watu wa Nairobi na Nakuru na Kisumu waliokuja na pasipoti za Kiingereza, wote walinijua. Mchana walishona nguo na kuuza mitumba na kukaza skrubu viwandani, lakini siku ya kuoza mtoto hawakutaka mtu aone skrubu. Magari makubwa ya Kiingereza waliyapa heshima yake. Mmarekani walimtamani. Kule nyumbani walimwona akipita na magavana na wenye mashamba, pengine mara moja kwa mwaka, na mara moja ile iliwatosha kwa maisha.

Nami nililiuza kwa mdomo kabla sijaliwasha. Nilikuwa na hotuba. Nilisimama kando ya boneti na kuwaeleza kwamba kampuni ile ilijipa jina la Mfaransa mmoja wa zamani aliyeanzisha mji wa magari kule Marekani, na nembo yake ikatolewa kwenye ngao ya ukoo wa Mfaransa huyo, ukoo ambao wengine wanasema aliutunga mwenyewe alipovuka bahari, kwa kuwa ng'ambo hakuna wa kumuuliza. Hapo wateja walicheka, nami nikacheka kuwazidi. Kisha nilieleza jinsi magari matatu ya kampuni hiyo yalivyoletwa hapa hapa Uingereza zamani, yakafunguliwa yote mpaka msumari wa mwisho, vyuma vikachanganywa kama kachumbari, mafundi wakaambiwa waunde upya magari matatu kutoka kwenye lile fungu. Wakaunda. Yakawashwa, yote matatu yakawaka, yakaenda kuzungushwa uwanjani kama hayajaguswa. Waingereza wakawapa kombe. Siku hizo, niliwaambia, chuma cha gari moja hakikukubali kuingia gari jingine hata la kiwanda kimoja, mpaka ukipigie tupa. Nilieleza habari ya swichi ya kuwashia. Zamani watu waliwasha kwa kuzungusha chuma mbele, na inasemekana bwana mmoja alisimama kumsaidia mama aliyekwama, chuma kikamrudi usoni, akafa. Mkubwa wa kampuni akaapa kwamba gari lake halitaua mtu mwingine kwa kuwashwa. Na mapezi, nikamalizia, waliyaiga kwenye ndege ya vita.

"Wewe umeyajulia wapi yote haya?" mteja mmoja aliniuliza mwanzo mwanzo.

"Baba yangu alikuwa nalo Mombasa," nikajibu.

Lilinitoka lenyewe. Nilidhani litakufa siku hiyo hiyo, kumbe lilikuwa ndiyo kwanza limezaliwa. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini. Alibeba magunia mpaka shingo ikazama mabegani. Lakini haikupita miaka miwili, Stratford Road nzima ilijua kwamba alikuwa mfanyabiashara wa mbata, nazi kavu za mafuta, ana Mmarekani na dereva wa kofia. Na bei yangu ilipanda. Mtu anaona fahari kumkodi mtoto wa tajiri.

Ukweli ni kwamba niliyajulia Kampala. Nilikuwa kijana mzima nikiosha gari la Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba, gari la kampuni hiyo hiyo, jeusi. Kila Jumapili tajiri wangu alitoka na kikombe cha chai, mkono mmoja umewekwa nyuma, akasimama kunitazama nikipaka nta, akanihadithia. Watoto wake hawakujali. Mkewe alimwambia gari si mungu. Basi alinihadithia mimi, maana nilikuwa na kitambaa mkononi na sina pa kwenda. Matatu yaliyochanganywa, swichi, mapezi, Mfaransa na ukoo wake, yote yalitoka kinywani mwake. Aliniita "boi", kama walivyotuita wote enzi hizo, na akifurahi aliniita "kijana". Nilipotaka kwenda kujaribu bahati melini alinipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo matajiri wenzake hawakulifanya.

Mwaka ule Waasia walipofukuzwa Uganda, tuliwaona kwenye televisheni wakiteremka ndege na nguo za nchi ya joto. Wengine waliletwa Birmingham. Watu wa kwetu walikwenda kuwapokea na mablanketi. Mimi nilitoa mablanketi mengi kuliko mtu yeyote, waulize, lakini nilimpa mtu ayapeleke. Nilisema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kumkwepa mtu mmoja, endapo yumo.

Alikuwamo. Nilikuja kumwona kiangazi kilichofuata, siku ya Jumamosi, alipoletwa nje ya nyumba yangu na mtu aliyetaka kukodi gari. Huyo alikuwa baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa Nakuru, mwenye duka la vitambaa Stratford Road, mcheshi, mwenye sauti ya kuzoea kuuza. Alimleta baba wa bibi harusi ili aone heshima anayofanyiwa. Nilikwisha kuanza hotuba yangu kabla yule mzee hajatoka garini. Akatoka, na koti la mvua lililomzidi kimo, akaweka mkono mmoja nyuma. Nikamjua kwa mkono ule. Yeye alilitazama gari kwanza, halafu akanitazama mimi.

"Hujambo, bwana," akasema.

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Mweleze, bwana," akadakia mwenye duka. "Mweleze mzee wetu habari ya gari. Anza na yale matatu."

Nikaeleza. Ningefanya nini? Nilisimama pale barabarani nikamrudishia mtu maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, hata pale alipokuwa akipumzika kunywa chai nami nilipumzika. Alisikiliza kama mgeni.

"Kumbe," akasema. "Matatu yote yakawaka?"

"Yote, mzee."

"Ajabu."

Mwenye duka akanikonyeza. "Mzee anasema na yeye alikuwa na kama hii, Kampala. Nyeusi! Bwana, mimi nimegundua kitu. Kila aliyetoka Uganda alikuwa na kiwanda, na gari, na bustani ya waridi. Bado sijakutana na hata mmoja aliyekuwa na kibanda cha sigara. Wauza sigara wote walibaki na Amin?" Akacheka, akampiga mzee begani kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Tunataniana, mzee. Ila kule kwa kina bwana harusi, shemeji yangu, mama wa kijana, hapendi watu wa chumvi nyingi. Anasema tutaona kama binti naye ana ulimi wa baba yake. Sasa huyu dereva, baba yake kweli alikuwa nayo. Mbata, Mombasa. Si ndiyo, bwana?"

Nilikuwa na nafasi pale. Mdomo ulikuwa wazi tayari kwa sababu ya hotuba. Lakini mtaa ulikuwa umejaa, jirani yangu mlangoni, watoto wamekaa ukutani, na ndani ya duka la yule bwana kulikuwa na harusi nyingine mbili alizoniahidi. Nikachukua kitambaa, nikafuta boneti.

Yule mzee ndiye aliyejibu. "Ndiyo," akasema. "Hata sisi Kampala tulisikia habari za baba yake. Mtu mkubwa sana."

Wakaondoka. Nilibaki nimeshika kitambaa. Alikuwa ameulinda uongo wangu kwa mdomo ule ule ambao ukweli wake mwenyewe haukusadikiwa, na hakunitazama hata kwa jicho la kudai.

Nilijiambia nitamwendea. Nilijua walikowekwa: Castle Vale, kwenye yale maghorofa mapya yaliyojengwa palipokuwa uwanja wa ndege, upepo hauna wa kuuzuia. Nilikwenda siku moja, nikafika mpaka chini ya jengo lao. Lakini Mmarekani hafichiki. Watu walitoka vibarazani ghorofa baada ya ghorofa, nikaona kwamba nikipanda juu, kesho Sparkhill wataniuliza nilikwenda kwa nani na kufanya nini. Nikageuza. Kugeuza gari lile si kazi ya mara moja, kwa hiyo walinitazama vizuri nikikimbia.

Siku ya harusi jua liliwaka. Ilifanywa kwenye ukumbi wa shule pale Sparkhill, meza za watoto zimeegeshwa ukutani, harufu ya samli na maua. Nilifunga maua boneti nzima na kwenye mapezi. Alasiri ikafika saa ya kumuaga binti, nayo ina desturi yake. Nazi inawekwa chini ya tairi la mbele ili gari liipasue. Kisha baba na ndugu wa bibi harusi wanashika gari kwa nyuma na kulisukuma hatua kadhaa, ndipo dereva anawasha. Ni namna ya kusema tumekupeleka kwa mikono yetu. Harusi nyingi vijana husukuma na baba hugusa tu kwa vidole. Lakini ndugu za huyu binti walikuwa wametawanywa, mmoja Kanada, mmoja kambini Austria. Baba alikuwa peke yake na wajomba wawili wa kuazima.

Nikaweka gia huru. Bibi harusi na mumewe nyuma. Nikasikia viganja vikigonga buti kule nyuma ya gari.

Gari halikutikisika. Mmarekani ana uzito wa nyumba ndogo.

"Sukuma, mzee!" ilikuwa sauti ya mwenye duka, watu wamezunguka, kila mtu amechangamka. "Sukuma! Si gari yako hii? Ile ya Kampala ilisukumwa na nani?"

Wakacheka. Hata wanawake waliokuwa wakilia walicheka katikati ya kilio. Mimi nimekaa kwenye kiti cha ngozi, mikono juu ya usukani, na tajiri wangu yuko nyuma anasukuma. Nikavuta breki ya mkono, nikatoka.

"Alikuwa nalo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kampala, jeusi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliosha. Huyu alikuwa tajiri wangu."

Halafu mwenye duka akafungua mikono kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mnaona adabu ya watu wa Mombasa?" akawaambia watu. "Mtoto wa tajiri mkubwa, anajifanya mwosha magari ili kumsitiri mzee wa watu! Bwana, baba yako alikulea!"

Wakanipigia makofi. Mimi! Nilitaka kusema tena, lakini kila nilivyotikisa kichwa waliona unyenyekevu. Nilikuwa nimeujenga ule uongo vizuri mno. Nimefanya kazi nzuri maisha yangu yote, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Mzee alikuwa bado ameinama, viganja vyote viwili juu ya buti, anahema. "Rudi ndani, bwana dereva," akasema. "Binti anasubiri."

Nikarudi. Wageni wengine wakaja kusaidia, gari likasogea, nazi ikapasuka, nikawasha.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia kwenda Acocks Green, kwa wakwe, bibi harusi aliponisemesha. Alikuwa ameacha kulia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, cha uani.

"Umesema kweli au umesema adabu?"

"Kweli, bibi."

"Kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?"

Mumewe, kijana mpole, alikuwa akitazama nje kama mtu asiyepewa ruhusa ya kusikia.

"Wewe utalala kwako leo," akasema yule binti. "Mimi nitalala kule, na kesho, na mwaka kesho. Kila nikisema kitu watatazamana. Basi useme mlangoni, mbele ya mama mkwe. Anakijua Kiswahili. Na baba yako pia umseme, alikuwa nani kweli. Usipomsema baba yako, hawatakuamini."

Alikuwa ameona katika dakika chache kitu ambacho mimi sikukiona kwa majuma.

Mama mkwe, ambaye kwa desturi yao alibaki nyumbani kumpokea bibi harusi, alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake la taa na mchele, wanawake wa ukoo nyuma yake. Nilivua kofia yangu ya udereva. Nikasema yote. Gari jeusi, kitambaa, nta, Jumapili. Alinisikiliza bila kuinamisha sinia.

"Na mbata?" akauliza.

"Hapakuwa na mbata, mama. Baba yangu alibeba magunia ya watu bandarini. Mimi ndiye mwongo, si huyo mzee."

Akawatafsiria wenzake kwa Kigujarati. Kicheko kilichotoka pale mlangoni, sijapata kuchekwa hivyo tena. Mmoja alijishikiza mlangoni. Mtoto akaja kunitazama viatu. Mama mkwe naye alicheka, kisha akakoma kwanza kuliko wengine, akamtazama binti.

"Nani atajitungia baba mchukuzi?" akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Baba yako amesema kweli. Ingia, mwanangu."

Akaingia. Nikabaki kwenye ngazi na kofia mkononi, na kwa kitambo kifupi nilijiona mwepesi. Ndipo nikamkumbuka mzee. Nilikuwa nimemtetea katika nyumba ambayo yeye hayumo. Nikarudi mbio ukumbini. Nikakuta vijana wanapanga viti. Mzee na mkewe wameondoka, wakasema, kwa miguu, kituoni.

Niliwakuta Stratford Road, yeye na mkewe, kwenye kituo cha basi. Mke alikuwa amepakata sufuria ya chakula kilichobaki, imefungwa kwa shuka. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu. Nikasimamisha Mmarekani mbele yao, na maua yake.

"Tajiri," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kumwita hivyo. "Nimesema kwa mama mkwe. Amesadiki. Amemwambia binti mbele ya wote."

Akafumba macho kidogo. "Na baba yako?"

"Nimemsema pia."

"Ah." Akatikisa kichwa. "Mimi nilimtunza baba yako vizuri, wewe umemwangusha. Sasa nani atakukodi?"

"Hiyo niachie mimi. Pandeni, niwapeleke nyumbani."

Mkewe alikwisha kusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa. Yeye hakusogea.

"Gari leo imekodiwa na nani?"

"Na wakwe."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni."

"Basi. Mimi hata maji ya nyumba ile sitakunywa tena maisha yangu, sababu nimetoa binti. Nitapanda gari yao?"

Nilijua. Katika harusi zote nilizoendesha nimewaona baba wa mabinti wakikataa chai, wakikataa hata kiti, kwa desturi hiyo hiyo. Nilijua kuliko Mwafrika yeyote Birmingham, na sikuikumbuka hata chembe, kwa sababu nilikuwa nakimbilia kujisafisha. Ningekwenda na teksi yangu ya kawaida, wangepanda. Nilikuja na Mmarekani.

"Nitawarudishia pesa zao," nikasema. "Sasa hivi litakuwa langu."

"Siku imekwisha kukodiwa," akajibu, bila hasira. "Harusi yangu usiichezee."

Mkewe akaondoa mkono kwenye kitasa, akaishika sufuria vizuri.

Basi lao lilikuwa limefika nyuma yangu, linapiga honi, maana nilikuwa nimekaa mahali pake. "Toa gari, watu wapande," mzee akaniambia. Nikaingia nikalitoa. Mmarekani hawezi kugeuka barabara ile, hasa Jumamosi, kwa hiyo ilinibidi niende mbele, na basi likaja nyuma yangu. Tulikwenda hivyo hadi mjini, mimi na maua yangu na viti vitupu nimewatangulia, wao wako nyuma, na kila kituo basi liliposimama nami nilipunguza mwendo.